Bei ya Makala

Jirani yetu mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, mzee aliyestaafu zamani, alikuwa na kaye za shule alizozipanga juu ya kabati, mbali na mikono ya wajukuu. Jioni, bukari ikishaliwa na meza ikishapanguswa, alishusha moja na kuandika. Nani kazaliwa katika avenyu yetu, nani kafiwa. Mvua ya kwanza imenyesha lini. Umeme umekatika saa ngapi, umerudi saa ngapi. Gunia la makala, yaani mkaa, limeuzwa bei gani. Maoni yake hakuyaandika, ingawa alikuwa nayo tele na sote tuliyasikia. Akikosea hakufuta, alipiga mstari mmoja mwembamba ili neno la kwanza libaki linasomeka, kisha akaandika la pili juu yake. Nilimwuliza siku moja kwa nini anajisumbua na bei ya makala. Akajibu bila kuinua kichwa: "Hayo mengine mtayakumbuka. Bei mtabishana."

Alipofariki, kaye zile ziliwashia mbabula za kupikia watu wa kilio. Aliyezichukua hakuwa na ubaya, alitafuta karatasi tu. Siku hiyohiyo simu zilikuwa juu kila upande zikipiga picha za jeneza.

Kazi ya mzee yule ni ya zamani kuliko mji wetu. Katika karne ya 13, huko Parma, Italia, aliishi Mfransisko mmoja aitwaye Salimbene. Alizaliwa 1221, akaingia utawani 1238, na baba yake alikasirika hata akapeleka mashtaka kwa Kaisari Frederick wa Pili ili arudishiwe mwanawe. Mwana hakurudi. Alizunguka Italia na Ufaransa, akalala katika nyumba za watawa, akasikiliza. Uzeeni, miaka ya 1280, alikaa chini akaandika aliyoyaona. Mpwa wake Agnes, aliyekuwa mtawa wa Mtakatifu Klara, alikuwa miongoni mwa aliowafikiria alipoandika.

Ndani ya kitabu chake kuna mapapa na vita, kama kila mwandishi wa nyakati. Lakini Salimbene aliandika pia mvinyo upi ni mzuri na wa wapi. Aliandika kwamba 1284, sikukuu ya Mtakatifu Klara, alikula kwa mara ya kwanza ravioli zisizo na unga wa kuzifunika. Juu ya Ndugu Elia, mkuu wa shirika aliyempokea yeye mwenyewe utawani, aliandika orodha ndefu ya makosa, bila haya. Msomi makini atasema huo ni umbea. Mimi nasema mtu anayekumbuka alikula nini siku gani, ana haki ya kuaminiwa anaponieleza habari za mfalme.

Sisi Katanga tulimpata Mfransisko wetu, Placide Tempels, Mbelgiji aliyefika Kongo 1933. Kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilitoka hapahapa Élisabethville, 1945, kikasomwa Paris na Dakar, kikasifiwa na kubishiwa hadi leo. Ni kitabu kikubwa. Lakini hata ukisome mwanzo hadi mwisho, hutajua Mluba aliyekuwa akisimuliwa humo alilipwa kiasi gani mwisho wa mwezi.

Aliyetuambia hayo alikuwa boyi. Mwaka 1965 André Yav, mtumishi wa nyumbani kwa miaka mingi, alikusanya habari za mji kwa niaba ya chama cha watumishi wenzake, akazipiga kwa mashine na kuziita Vocabulaire de ville de Elisabethville. Jina ni la Kifaransa, maneno ni ya Kiswahili chetu, kile cha boyeri, makao ya maboyi, na cha kambi za kampuni ya madini ya Union Minière, ambacho hakuna shule iliyokifundisha. Anaanza mbali, kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji na mtawala Msiri wa Katanga, kisha anakaribia jikoni: kazi, mshahara, bwana wa namna gani. Mwaka uliofuata, 1966, jina la Élisabethville lilifutwa na mji ukawa Lubumbashi. Yav aliwahi kuandika historia ya mji ule wakati jina lake lilikuwa bado mlangoni.

Maandishi yenyewe ni magumu kwa macho. Maneno yamegandana, mengine yamekatwa katikati, nukta imekaa inapotaka. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefundisha chuo kikuu hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipotaka kuyachapisha alimwomba msaidizi wake Kalundi Mango ayasome kwa sauti, akamrekodi. Hapo ndipo yalipofunguka. Kilichoonekana uzembe kwenye karatasi, mdomoni kilikuwa mazungumzo yenye pumzi zake na vituo vyake. Nimejaribu mwenyewe, nikisoma kwa sauti ya chini kwenye taksibasi, na jirani yangu wa kiti akaanza kuitikia "eeh, ni vile". Huo ndio ufundi ninaousifu. Yav hakuandika kwa ajili ya mkaguzi wa tahajia. Aliandika kwa mtu atakayekaa karibu yake.

Mwingine alitumia rangi. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi juu ya vitambaa vya magunia ya unga: wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi Desemba 1941, Lumumba aliyeuawa karibu na mji huu Januari 1961. Alijiita mwanahistoria, na kati ya 1973 na 1974 alimchorea Fabian picha zaidi ya 100, akizieleza moja moja kwa Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akapotea, na hatima yake haikujulikana.

Picha hizo ziko Amsterdam. Kitabu cha Yav kilichapwa Amsterdam pia, 1990, na maandishi yake yamewekwa kwenye intaneti, bure kwa yeyote mwenye megabaiti. Niliwaonyesha vijana wa avenyu yetu. Walifurahi kusikia Kiswahili chao kwenye skrini, wakacheka mistari michache, wakarudi kwenye video. Sikuwalaumu sana, hata sisi wakubwa tunaojua kalamu ni nini tumeacha. Wiki iliyopita tulibishana usiku mzima makala yalikuwa bei gani mwaka ule wa kiangazi kirefu. Kila mtu alikuwa na bei yake, na hakuna aliyeweza kumshinda mwenzake.