Sokwe Ndani ya Pafu: Hadithi Tunayoisimulia Nusu

Kama unapenda habari za sayansi, huyu sokwe bila shaka umeshakutana naye. Madaktari bingwa 24 wa radiolojia wanapewa picha za CT za mapafu na kuambiwa watafute vinundu, yaani vile vidoadoa vinavyoweza kuwa dalili ya saratani. Kumbe kwenye picha za mwisho watafiti wamebandika sokwe mdogo, tena mwenye ukubwa wa mara 48 ya kinundu cha kawaida. Madaktari 20 kati ya 24 hawakumwona.

Hapo watu hucheka. Msimulizi anafunga kwa kusema hata wataalamu ni vipofu, basi, imeisha. Mjomba wangu aliituma hadithi hii kwenye grupu la familia akaniuliza mbele ya wote: "Mjomba, kwani huko hospitali mnasomea nini?"

Swali lake lilinikaa. Mimi ni daktari ninayesomea ubingwa wa radiolojia, mwaka wa pili, kwenye hospitali ya kufundishia. Siku yangu nzima ni chumba chenye giza, skrini mbili na foleni ya picha isiyoisha. Nikaenda kuusoma utafiti wenyewe mwanzo hadi mwisho. Nilichokuta ni kwamba hadithi inayosambaa ni nusu tu, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye faida kwa mgonjwa.

Utafiti ni wa Trafton Drew, Melissa Võ na Jeremy Wolfe, na ulitoka mwaka 2013 katika jarida la Psychological Science. Wazo walilichukua kwa Daniel Simons na Christopher Chabris, ambao mwaka 1999 waliwaonyesha watu video ya wachezaji wanaopasiana mpira. Watazamaji wakiwa wanahesabu pasi, karibu nusu yao hawakumwona mtu aliyevaa vazi la sokwe akipita katikati. Swali la kina Drew lilikuwa zuri: je, mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kutazama, yeye atasalimika?

Kwa hiyo sina ugomvi na utafiti. Ugomvi wangu ni na sisi tunaousimulia.

Jambo la kwanza tunaloliacha: watafiti waliwapima pia watu 25 wasio na mafunzo yoyote ya kusoma picha hizi. Hakuna hata mmoja aliyemwona sokwe. Na kwenye kazi yenyewe waliyopewa, ya kutafuta vinundu, madaktari walipata takribani asilimia 55 na hao wengine asilimia 12. Ukiwataja madaktari 20 walioshindwa bila kuwataja watu 25 wa upande wa pili, umebadilisha maana ya matokeo. Msomaji anaondoka akidhani mafunzo hayasaidii kitu, wakati namba zinasema yanasaidia sana, ila hayamgeuzi binadamu kuwa kiumbe kingine.

La pili: macho ya madaktari yalikuwa yanafuatiliwa kwa kifaa maalumu. Kati ya wale 20 ambao hawakumwona sokwe, 12 walimtazama palepale alipo. Jicho lilifika, lakini taarifa haikupokelewa. Ndiyo maana ushauri wa "angalieni kwa makini zaidi" haugusi tatizo. Hawa walikuwa makini, tena sana. Umakini wao ulikuwa umeshaajiriwa kwingine.

La tatu ndilo kubwa. Walikuwa wameajiriwa na nani? Na swali. Waliambiwa tafuta vinundu, wakatafuta vinundu.

Hapa mtu anayewatetea madaktari anaweza kusema, na ni kweli, kwamba sokwe si ugonjwa. Hakuna mgonjwa aliyewahi kulazwa kwa sababu ya sokwe kwenye pafu, kwa hiyo ubongo unaompuuza haujamdhuru mtu. Kwa mtazamo wangu huu ndio udhaifu mkubwa wa jaribio la 2013. Lakini jibu lilikuja mwaka 2021, katika utafiti wa Lauren Williams na wenzake, Drew akiwemo. Safari hii hawakubandika mnyama. Picha zilikuwa na uvimbe kwenye titi na tezi zilizovimba, vitu ambavyo daktari yeyote wa radiolojia angetaka kuviona. Walipoambiwa watafute vinundu vya mapafu, asilimia 66 ya madaktari hawakuuona uvimbe wa titi na asilimia 30 hawakuziona tezi. Kundi lingine la madaktari lilipoambiwa litafute tatizo la aina yoyote, waliokosa walishuka hadi asilimia 3 kwa titi na asilimia 10 kwa tezi.

Hebu zisome tena hizo namba. Picha ni zilezile na kazi ni ileile ya kusoma CT. Kilichobadilika ni swali. Na uzoefu wa miaka mingi haukuonekana kumkinga mtu. Huu ndio utafiti uliostahili kufika kwenye grupu la familia yetu, lakini haufiki kwa sababu hauna sokwe. Hauchekeshi.

Naliandika hili nikiwa na sababu ya karibu zaidi. Usiku mmoja nikiwa zamu ililetwa eksirei ya kifua ya kijana aliyeanguka na bodaboda. Fomu iliandikwa kwa kifupi: ajali, mbavu zimevunjika? Nilizihesabu mbavu moja moja. Nikapata mbili zimevunjika, nikaandika ripoti, nikafurahi, nikahamia kwa anayefuata.

Asubuhi bosi wangu aliirudisha picha ileile kwenye skrini. "Dokta, umemaliza hapa?" Nikasema nimemaliza. Akakaa kimya. Nilitazama kama dakika nzima ndipo nikakiona kivuli juu kabisa ya pafu la kulia, nyuma ya mtulinga. Baada ya kukiona, sikuweza tena kutokukiona. Kijana alipigiwa simu, akarudi, makohozi yakapimwa. Kifua kikuu. Alikuwa anaishi chumba kimoja na mke na mtoto mchanga.

Kosa hili lina jina la zamani. Mwaka 1962 William Tuddenham alieleza jinsi msomaji wa picha anavyoridhika na kusimamisha utafutaji mara tu anapopata kitu. Nililijua kosa hilo kwa nadharia, nilishalijibia hata mtihani. Halikunisaidia saa tisa usiku, kwa sababu fomu iliuliza mbavu na mimi nilikuwa nimezijibu mbavu.

Hapa ndipo nusu ya hadithi inapoleta madhara. Ukisimulia kwamba daktari ni kipofu, dawa itakayofikiriwa ni kumkaripia daktari au kumwondoa kabisa. Ukisimulia kwamba swali ndilo linaloelekeza macho, unaanza kuona watu wengine ndani ya chumba. Yupo daktari wa wodini anayeandika neno moja tu, "KIFUA," kwenye fomu. Yupo pia anayeandika swali jembamba mno bila kutaja kwamba mgonjwa anakohoa wiki ya tatu. Na upo utaratibu wa kazi: je, kuna mtu wa pili anayepitia picha za usiku, au ripoti ya rezidenti aliyechoka inakwenda moja kwa moja kwa mgonjwa? Mimi niliokolewa na huo utaratibu, si na macho yangu.

Siku hizi nasoma kila picha mara mbili. Mara ya kwanza bila kuangalia fomu, kwa mpangilio uleule: ncha za mapafu, nyuma ya moyo, chini ya kiwambo, mabega, pembe za picha. Mara ya pili nikiwa na swali la daktari mkononi, kwa sababu swali zuri nalo linasaidia kuona kilicho kidogo. Inachukua muda zaidi, na foleni haipungui. Hilo nalo ni gharama, na anayesimulia habari za makosa ya madaktari bila kutaja idadi ya picha zinazowasubiri bado anasimulia nusu.

Mjomba nilimjibu hivi: tunasomea kuona, na pia tunasomea kujua ni wapi hatutaona, ili pawekwe mtu mwingine atazame hapo. Kisha nikamwomba, siku akienda hospitali, amweleze daktari kila kitu, hata kile anachodhani hakihusiani na kilichompeleka.