Besi Iliyofungiwa Kabatini

Kila Jumamosi alasiri, mazoezi ya korali yakiisha, wapiga besi wetu wawili hawaendi nyumbani. Huketi barazani pa darasa la katekesi, hapa Kabambare, wakaanza maneno yao. Mimi huwa ndani nikipanga vitabu, nami husikia yote. Mara nyingine huja na wa tatu, kijana aliyepata kupiga katika bendi moja huko machimboni Salamabila, na siku hiyo mazungumzo hufika hata giza.

"Yaya, nyuzi hizi ulizipata wapi?"

"Zimetoka Kalemie. Lakini huu wa Mi ni wa zamani, nimeuchemsha tu."

"Uliuchemsha muda gani?"

"Dakika kumi. Halafu unaufuta vizuri kwa kitambaa kikavu, usije ukaota kutu."

Kwa muda mrefu maneno hayo yaliniudhi. Nilisema moyoni: watu hawa wanajua bei ya kila gitaa toka Bukavu mpaka Lubumbashi, lakini Jumapili besi yao yatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Nikakata shauri kuandika makala ya kuwakemea. Makala ndiyo hii, ila haikutoka kama nilivyokusudia.

Kwanza nikiri kwamba mengi wanayoyasema ni kweli tupu. Uzi wa besi umezungushiwa waya mwembamba toka mwanzo hata mwisho, na katika mizunguko ile huingia jasho na mafuta ya vidole. Uchafu ukijaa, sauti yafifia. Maji ya moto huutoa, na uzi waamka tena kwa siku kadhaa. Tena nilimsikia mkubwa akimweleza mdogo kwa nini waya wa breki ya baiskeli haufai, ijapokuwa wengi wetu tulianza na huo. Sauti nzito yataka uzi utetemeke polepole. Uzi wa Mi wa besi hutetemeka kama mara 41 katika sekunde moja, nusu ya uzi mnene kuliko yote wa gitaa la kawaida. Ukitaka waya mwembamba utetemeke polepole hivyo, itakubidi uulegeze mpaka upigepige ubao kama kamba ya nguo wakati wa upepo. Ndiyo sababu mafundi waliuzungushia waya mwingine, upate uzito pasipo kulegea. Sikufundishwa neno hili seminarini. Nimelijua kwa kusikiliza barazani.

Hata hivi, ndani ya mazungumzo hayo mlikuwa na imani moja isiyo ya kweli, nayo ndiyo iliyoleta ugomvi katika korali. Mama wa korali walikuwa wameweka fedha za mchele na karanga kwa muda wa miaka miwili, kusudi tununue chombo. Kijana alitaka besi ya nyuzi tano. Alisema kwamba wapiga besi wote wa Kinshasa wanaoonekana katika simu wana nyuzi tano, na kwamba kwa nyuzi nne hatutaendelea kamwe. Mkubwa alitaka ampli na bafle, yaani lile sanduku linalotoa sauti, kwa kuwa bafle yetu imepasuka. Wakaacha kusalimiana. Mama nao wakagawanyika, kwa sababu kila mmoja wa vijana hao ni mtoto wa watu. Ndipo wakaniletea mimi shauri hilo.

Ugomvi huo wataka kutazamwa kwa mifano. Besi ya umeme iliyoenea ulimwenguni ilitengenezwa na Leo Fender huko California, Marekani, mwaka wa 1951. Ilikuwa na nyuzi nne: Mi, La, Re, Sol. Kabla yake wapigaji walibeba kontrabasi, sanduku refu kupita mtu. Kwa besi ya namna hiyo ya nyuzi nne, mtu mmoja jina lake James Jamerson alipiga nyimbo nyingi mno katika mji wa Detroit miaka ya 1960, hata wapiga besi wa leo wamwita mwalimu wao. Yeye hakuwa na desturi ya kubadili nyuzi, isipokuwa umekatika mmoja, na katika mkono wa kuume alitumia kidole kimoja tu. Kidole kimoja! Sisi hapa tunabishana juu ya uzi wa tano.

Wala tusiende mbali mpaka Marekani. Kusini yetu, upande wa Katanga na Luapula ya Zambia, kuna chombo kiitwacho kalindula, besi ya kutengenezwa kwa mikono, na muziki mzima wa huko umepewa jina lake. Kinshasa nako, Mingiedi Mawangu wa kundi la Konono No. 1 alitaka likembe zake zisikike katikati ya kelele za mji. Hakuwa na duka la kununulia. Alichukua sumaku za vipande vya magari mabovu, akatengeneza mikrofoni yake mwenyewe, akawa na likembe tatu, moja ikishika sauti ya besi. Sahani yao Congotronics ilitoka Ubelgiji mwaka wa 2004, na wazungu wakashangaa. Sisemi kwamba umaskini ni mzuri kwa muziki. Msemo huo hupendwa na watu wenye vyombo. Nasema kwamba Mingiedi alijua kwanza sauti aliyoitaka, halafu ndipo akatafuta chuma cha kuitoa.

Basi, tusikilize wapigaji wetu wenyewe. Mkubwa ana vidole vyepesi, lakini hapendi kimya. Waimbaji wakivuta pumzi, yeye hupita hapo na noti sita saba, kama mtu ajibuye swali ambalo hakuulizwa. Tena hufuata sauti ya wimbo ule ule unaoimbwa, hivi kwamba chini hapana kitu: watu wote wako juu ya paa, na nyumba haina msingi. Kijana hupiga noti chache, nami nampenda zaidi kwa hilo, lakini huchelewa. Noti ile ya kwanza, ambayo mguu wa mchezaji waingoja ili ukanyage, yafika mguu umekwisha kukanyaga.

Siku ya Pasaka tuliona matunda ya hayo. Kama mjuavyo, Misa ya Kongo, iliyokubaliwa na Roma mwaka wa 1988, ina mahali ambapo padri na watumishi wake hucheza kuzunguka altare wakati wa Utukufu. Mkubwa ndiye aliyeshika besi. Alianza vema, kisha akaona furaha, noti zikaongezeka, ngoma ikamfuata, na mwendo ukawa wa kukimbia. Watoto wa altare wakapoteza hatua. Mdogo wao mmoja alisimama katikati, akatazama miguu yake, akaanza kulia. Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Wazee wa rumba ya Kongo hawakufanya hivyo. Mwaka wa 1960, African Jazz ya Joseph Kabasele ilipokwenda Brussels wakati wa Mkutano wa Meza ya Mviringo, na Indépendance Cha Cha ikatoka huko, besi ilishikwa na Brazzos, ambaye kwao OK Jazz alikuwa mpiga gitaa. Mtu kama huyo ajua magitaa yanahitaji nafasi gani, maana ni nafasi yake mwenyewe. Katika rumba ya namna ile besi haipigi kila pigo. Hupiga, huacha, hupiga tena kabla hujaitazamia, na mahali pale palipoachwa ndipo mwili wa msikilizaji unapoingia. Sebene ikifika, magitaa yakaanza kurudia duara lao, besi ndiyo inayowaambia duara limeanzia wapi. Aliyejaza kila mahali amewanyima wenzake mahali pa kusimama. Hata Missa Luba iliyoanza Kamina mwaka wa 1958 haikuwa na besi ya umeme, bali sauti na ngoma tu. Lakini sikiliza wale wanaume wa sauti ya chini: hawana haraka hata kidogo.

Nilipofika hapa katika kuandika, niliona makala yangu ni nzuri sana. Nikamwita mkubwa nimsomee kidogo, apate kujirekebisha. Alisikiliza kwa heshima, kisha nikamwuliza: "Sasa niambie, wewe wajizoeza lini?"

Akasema, "Mwalimu, najizoeza Jumamosi, saa ile mnapofungua kabati."

Ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu.

Yapasa nieleze. Miaka ya vita vitu vingi vilibebwa na watu, na tangu hapo imekuwa kanuni: chombo cha korali hulala katika kabati ya sakristia, na mwalimu ndiye hushika ufunguo. Mimi niliirithi kanuni hiyo, wala sikuiuliza chochote. Hesabu basi: saa mbili kila Jumamosi, watu wawili kupokezana chombo kimoja, na sehemu kubwa ya saa hizo ni mimi ninayesema. Kila mmoja ashika besi labda nusu saa kwa juma. Siku sita zilizobaki hana cha kufanya ila kuizungumza. Yale maneno ya barazani niliyoyaita upuuzi yalikuwa ndiyo mazoezi yao, mazoezi ya mdomo, kwa kuwa mikono ilikuwa mitupu. Na yule wa noti saba alikuwa na njaa. Mwenye njaa akiona chakula hali polepole.

Tangu hapo nimefikiri sana juu ya mwenye chombo. Kinshasa, ilipoitwa Léopoldville, studio kama Ngoma, iliyofunguliwa mwaka wa 1948, na Loningisa zilikuwa mali ya wafanyabiashara Wagiriki, nao ndio waliokuwa na vyombo. Dar es Salaam ilikuwa vivyo hivyo: NUTA Jazz ya mwaka wa 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ilianzishwa mwaka wa 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, kisha mwaka wa 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la mji. Mwaka ule ule wa 1978 mtoto wa Maniema yetu, Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka wa 1947, alifika mji huo kujiunga na Orchestra Makassy. Wanamuziki walilalamika juu ya mabwana wa vyombo, na mara nyingi walikuwa na haki. Lakini katika mabendi hayo kupiga kulikuwa kazi ya mtu. Chombo kilitoka, kikashikwa, kikachakaa mikononi. Sisi tumekuwa mabwana wabaya zaidi: twamiliki chombo kisichotumika, halafu twamlaumu asiyejua kukitumia.

Nilikwenda kwa padri. Alinisikiliza, akasema jambo moja tu, kwamba kikipotea nitalipa mimi. Nikakubali, nikaogopa. Sasa besi hulala siku tatu kwa mkubwa na siku tatu kwa kijana, imefungwa katika kitenge, na Jumapili hurudi kanisani.

Juu ya fedha za mama, niliamua hivi: bafle, na nyuzi nne mpya. Sababu yangu si ukali. Uzi wa tano, ule wa Si, hutetemeka kama mara 31 kwa sekunde, na sanduku dogo tunaloweza kulipia haliwezi kuutoa ule mzizi wa sauti. Tungenunua uzi wa kutazama. Kijana alinuna majuma mawili. Mama yake bado hajanisamehe.

Kulikuwa na tatizo la umeme, kwa maana mashini ya misioni haiwashwi kwa ajili ya besi ya mtu mmoja, nayo besi isipotiwa katika ampli yasikika kama mbu tu. Mkubwa alipata dawa yake. Huegemeza kichwa cha gitaa, pale penye funguo za kukazia nyuzi, juu ya mlango wa mbao, na mlango wote hutetemeka, ukawa bafle. Nyumba yake iko nyuma ya yangu. Usiku nasikia noti nne, zile zile, polepole, halafu kimya, halafu noti nne. Juma la kwanza kile kimya kilikuwa kifupi. Sasa kinarefuka.

Jumamosi iliyopita walikuwa barazani tena. Nilidhani sasa watazungumza mazoezi. Kumbe walikuwa wakibishana kama mlango wa mbao nene unashinda mlango wa mbao nyembamba, na mkubwa akisema nyembamba, kwa sababu mnene hausogei. Kijana hakusadiki. Akageuka akaniita dirishani: "Mwalimu, samahani, mlango wenu wa nyumbani ni wa mbao gani?"