Mikoko ya Lamu kutoka angani: hekta zinaona nini?

Takwimu mbili za mikoko ya Kenya hutajwa kila mara. Ya kwanza inatokana na utafiti wa Bernard Kirui na wenzake, wakiwemo watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI), uliochapishwa mwaka 2013. Walitumia picha za setilaiti za Landsat na kukuta pwani nzima ilikuwa na hekta 45,590 mwaka 2010, pungufu kwa asilimia 18 tangu 1985. Ya pili imo katika mpango wa taifa wa kusimamia mikoko wa 2017 hadi 2027: hekta 61,271, na katika hizo 37,350 ziko Lamu.

Anayeziweka takwimu hizi sambamba anaweza kudhani mikoko imeongezeka kwa zaidi ya hekta 15,000 katika miaka michache. Haiwezekani. Msitu unaokatwa kila msimu hauongezeki kwa theluthi nzima kabla mche wa mkoko haujafikia unene wa boriti. Tofauti hiyo imetokana na upimaji, na ni kubwa kuliko hasara yenyewe iliyotangazwa kwa robo karne. Kwa Lamu, yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya nchi, hili ni jambo zito, kwa sababu vibali vya kukata, marufuku na hesabu za fidia vyote hupitia kwenye namba hizi.

Kila setilaiti ya Landsat hupita juu ya visiwa vya Lamu kila baada ya siku 16, mwendo wa saa nne na nusu asubuhi. Chombo chake hupima rangi tunazoziona kwa macho na pia mwanga wa infraredi. Jani bichi hurudisha infraredi ya karibu kwa wingi, ilhali maji huimeza. Infraredi ya mawimbi mafupi humezwa na unyevu, ndiyo maana mkoko uliosimama kwenye tope huonekana mweusi zaidi katika mawimbi hayo kuliko msitu wa bara uliostawi vilevile. Mchambuzi huipa kompyuta mifano ya mahali anapopajua: hapa mikoko, hapa tope, hapa maji, hapa vichaka. Kompyuta nayo huzipanga pikseli zilizobaki kwa kufuata mifano hiyo. Pikseli moja ni mita 30 kwa 30, kwa hiyo hekta moja ina pikseli kama 11 tu. Ukanda mwembamba wa mikoko aina ya milila­na kwenye ukingo wa mkondo unaweza kuangukia nusu ndani ya pikseli na nusu nje, na kompyuta italazimika kuchagua upande mmoja.

Msimu unaofaa ni kaskazi. Kati ya Januari na Machi mawingu ni machache, na vichaka vya bara upande wa Hindi na Mkunumbi vimekauka huku mikoko ikibaki kijani. Wakati wa masika kila kitu ni kijani, na mara nyingi picha yenyewe imefunikwa na wingu.

Msimu unaweza kuuchagua. Maji ni kazi nyingine, na hapa ndipo wachambuzi wengi wa mbali huteleza. Kila mvuvi wa Lamu anajua kwamba siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, na kwamba siku za maji mafu saa hiyohiyo maji huwa yamejaa kiasi chake. Setilaiti haibadilishi saa yake kwa ajili ya mwezi. Picha ya siku ya bamvua huonyesha tope tupu kati ya miti na miche yote iliyosimama wazi. Picha ya siku ya maji mafu huonyesha ukingo wa bahari ukiwa na maji chini ya milila­na, na miche mifupi imezama. Ukichukua ya kwanza kuwa ya mwaka 1985 na ya pili kuwa ya 2010, ramani itakuonyesha msitu uliopotea mahali ambapo hakuna aliyepeleka shoka.

Dawa ipo, na inahitaji hesabu kidogo tu. Mzunguko kutoka bamvua moja hadi nyingine huchukua siku 14 na robo tatu hivi, na setilaiti hurudi baada ya siku 16. Kila inaporudi hukuta maji yamesogea kwa siku moja na ushei, na katika takriban nusu mwaka itakuwa imeyaona katika kila hali. Mwenye subira anaweza kupekua hifadhi ya picha, ambayo imekuwa ya bure tangu 2008, akachagua zile za hali moja ya maji. Tatizo ni miaka ya nyuma. Picha za Afrika Mashariki za miaka ya 1990 ni chache, na Landsat 7 iliharibika kifaa Mei 2003, ikawa kila picha yake ina michirizi isiyo na chochote, jumla ya karibu asilimia 22 ya eneo. Mchambuzi wa vipindi hivyo hutumia alichopata. Si kosa lake, ila anapaswa kukitaja.

Kuna pia makosa yanayozidishana. Tuseme ramani ya mwaka wa kwanza ni sahihi kwa asilimia 90, na ya mwaka wa pili vilevile. Ukizilinganisha pikseli kwa pikseli, na makosa ya ramani moja hayafuati ya nyingine, uwezekano wa zote mbili kuwa sahihi mahali pamoja ni asilimia 81. Kwa hiyo badiliko la asilimia 18 linahitaji ushahidi zaidi ya ramani mbili kuwekwa moja juu ya nyingine.

Hata tukisahihisha hayo yote, linabaki swali ambalo kwangu ndilo kubwa. Mkataji wa mikoko wa Lamu hafyeki. Anaingia na maji, anachagua. Soko linataka miti iliyonyooka, kwa madaraja yake: fito, pau, boriti, nguzo, na huhesabiwa kwa korja, miti 20 kwa korja moja. Uliopinda huachwa. Baada ya miaka kadhaa, msitu wa mkoko na mkandaa unabaki na paa lake la majani, ila chini yake hakuna nguzo hata moja inayofaa. Pikseli ya mita 30 inayoangalia kutoka juu inaona kijani, na inauhesabu msitu huo kuwa hekta kamili.

Ndiyo maana nauthamini utafiti wa Kairo, Kivyatu na Koedam wa mwaka 2002 kuhusu mikoko ya ndani na kandokando ya hifadhi ya bahari ya Kiunga. Walitumia picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, ambazo huonyesha mengi zaidi, kisha wakaingia msituni kupima. Walitoa eneo, takriban hekta 16,000, na pamoja nalo ujazo wa mbao uliosimama. Kazi ya msituni ni ya taratibu: unaweka kiwanja cha mita 10 kwa 10, unapima unene wa kila mti, na kwa mkoko wenye mizizi inayotoka shinani juu ya tope unapima juu ya mzizi wa juu kabisa, sio kwa urefu wa kifua kama miti ya bara. Unahesabu miche. Unahesabu visiki pia, kwa sababu kisiki ndicho kinachokuambia daraja gani limeondoka.

Wanaopima barafu ya visiwa vya Aktiki, kama Svalbard, walikutana na shida ya namna hii mapema: barafu inaweza kubaki na mipaka ileile huku ikizidi kuwa nyembamba. Wakaongeza vipimo vya kimo. Setilaiti ya ICESat-2, iliyorushwa Septemba 2018 kwa ajili ya barafu hasa, hutuma leza chini na kupima kimo cha inachogusa, miti ikiwemo. Miezi michache baadaye chombo cha GEDI kilifungwa kwenye kituo cha anga cha kimataifa kupima kimo cha misitu, na njia yake hupita juu ya Lamu. Leza hizi hugusa mistari na vidoa, hazifuniki kisiwa kizima cha Pate, lakini zinaweza kuonyesha paa la msitu likishuka mahali ambapo ramani ya hekta haijabadilika.

Kwa bandari ya Lamu iliyoko Magogoni, hekta zinatosha: mahali palipofyekwa na kuchimbwa tangu mradi uzinduliwe 2012 panaonekana wazi. Kwa Siyu, Faza na mikondo ya Dodori, ambako mkataji huchagua, hazitoshi. Mpango wa taifa unamalizika 2027, na hesabu mpya itahitajika. Picha za Sentinel-2, zenye pikseli za mita 10, zipo tangu 2015. Ningependa hesabu hiyo ichapishwe ikiwa na tarehe ya kila picha, hali ya maji ya saa hiyo na kiwango cha makosa, na njia hiyohiyo irudishwe nyuma kwenye picha za zamani badala ya kulinganishwa na takwimu za wengine. Iambatane na viwanja vya kudumu msituni, vipimwe na wakataji wenyewe, ambao wanajua nguzo ya mwisho ilitoka mkondo gani.