Ziache Shughuli, Njoo Usome Hizi!

Mwenzangu, hicho unachofanya kiweke pembeni, njoo hapa haraka! Nimekifunga sasa hivi kitabu cha kwanza cha Heartstopper, cha Mwingereza Alice Oseman, na siwezi kutulia, mashavu yananiuma kwa kutabasamu, nisipokusimulia nitapasuka. Ni katuni. Ndiyo, katuni! Wavulana wawili wa shule moja: Charlie, mpole, mwembamba, anayeomba radhi hata pasipo kosa, na Nick, pande la mtu, mchezaji wa raga, mcheshi, mwema mpaka anakera. Wamepangiwa kukaa pamoja darasani. Wanasalimiana. Basi! Salamu tu, leo, kesho na keshokutwa, na wewe uliyeshika kitabu umeshaanza kujishika kifua.

Na kurasa zenyewe, jamani! Kuna mahali hamna neno hata moja. Majani yaliyochorwa yanapepea kutoka kisanduku hadi kisanduku, Charlie amesinzia kwenye kochi, na mkono wa Nick unausogelea wake, unasita, unasogea tena, unasita... Nilisahau kupumua, wallahi. Mkono tu! Nikaung'ata mto.

Hapo ndipo nilipoelewa kinachotunogesha kwenye riwaya hizi za vijana zenye mapenzi ya jinsia moja. Sisi wasomaji tunajua mapema! Nick hajui kwamba anapenda, masikini, lakini wewe umejua tangu ile siku wanacheza kwenye theluji na mbwa wake Nellie. Unajua, unangoja, unamfokea mtu wa karatasi: fungua macho, wewe! Ni harufu ya pilau jikoni wakati kifuniko hakijafunuliwa. Na usiku Nick anapoiuliza kompyuta maswali asiyothubutu kumuuliza mtu, ule moyo uliokuwa unacheka unajikunja ghafla. Halafu kitabu kinakatikia pabaya, pabaya kabisa! Nakuusia, usinunue cha kwanza bila cha pili.

Na bado!

Kuna Aristotle and Dante Discover the Secrets of the Universe, ya Benjamin Alire Sáenz, iliyotoka 2012. El Paso, Texas, mpakani na Mexico, kiangazi cha 1987, joto la kukausha koo. Ari hajui kuogelea. Kijana asiyemjua anajitolea kumfundisha pale pale bwawani. Huyo ndiye Dante! Msemaji, msomaji, mlizi, hapendi viatu kiasi kwamba anabuni mchezo wa kuvirusha barabarani. Na Ari? Mkimya, mkaidi, amejifungia ndani ya nafsi yake na ufunguo kaumeza. Mvua ya jangwani ikinyesha humo utahisi matone shingoni. Na tazama kioja: Dante anajua, wazazi wanajua, mimi najua, wewe utajua, Ari peke yake ndiye hana habari! Tena wazazi hao, mwenzangu, wazazi wanaopenda watoto wao waziwazi, bila masharti! Sikutegemea kulizwa na baba wa kitabuni. Nimelizwa.

Wewe mpenzi wa mambo ya kutisha, usidhani nimekusahau. Shika Cemetery Boys ya Aiden Thomas, ya 2020. Los Angeles, ukoo wa watu wenye uwezo wa kuona mizimu, sikukuu ya wafu inakaribia, mishumaa, maua, vyakula, hekaheka tele. Yadriel ni mvulana, ila alipozaliwa alihesabiwa msichana, na ukoo unasitasita kumpa kazi ya wanaume: kuisindikiza mizimu iende zake. Afanyeje? Anafanya tambiko mwenyewe, kisirisiri, anaita mzimu, na anakuja mwingine kabisa! Julian, mbishi, mdomo mrefu, mzuri wa kutia hasira, na haondoki ng'o! Na binamu Maritza, nimempenda huyo: uponyaji wa wanawake wa ukoo wao unahitaji damu ya mnyama, naye hagusi chochote cha mnyama, kwa hiyo haponyi mtu. Nimecheka peke yangu mpaka majirani wamenisikia. Kisha kicheko kikakwama kooni, maana nilikumbuka: Julian ameshakufa. Mapenzi yake na Yadriel yanaelekea wapi? Sikwambii!

Na bado, na bado! Last Night at the Telegraph Club ya Malinda Lo ilinishika taratibu, kisha ikanibana. San Francisco, 1954, mitaa ya Wachina. Lily anaota maroketi ya kwenda angani, na amekata kutoka gazetini tangazo la mwanamke anayeimba jukwaani kwa suti ya kiume. Kakaratasi hako! Unakaona kanavyofichwa na unajua, unajua kabisa, kabla Lily hajajikiri. Ila humu kujua kunatia baridi, kwa sababu Marekani yote imeshikwa na hofu ya ukomunisti na uraia wa baba yake uko mashakani. Moshi wa sigara, ngazi zenye giza, viganja vyenye jasho. Ilipopewa National Book Award ya vitabu vya vijana mwaka 2021, ilistahili kila herufi.

Sasa sogea karibu, nikupeleke Kampala. Jambula Tree ya Monica Arac de Nyeko ni hadithi fupi tu, ilishinda Tuzo ya Caine 2007, na ndiyo iliyomsukuma Wanuri Kahiu kutengeneza filamu ya Rafiki, ile iliyopigwa marufuku Kenya, na mahakama ilipoifungulia kwa siku 7 mwaka 2018 watu wakafurika. Anyango anamwandikia Sanyu. Mtaa wa Nakawa, mzambarau, wasichana wawili. Na humu, mwenzangu, nilishtuka: anayejua mapema si msomaji peke yake. Jirani naye anajua! Mama Atim, macho nje, ulimi nje. Mimi najua na ninawaombea. Yeye anajua na anatangaza. Nikaona aibu na fahari kwa pamoja, kwa sababu wote wawili tulikuwa tunachungulia. Riwaya hizi zinakufundisha kuchungulia kwa huruma, na hilo hakuna aliyenionya!

Basi, uanze na ipi? Kama una usiku mmoja tu, Heartstopper. Kama una leso, Ari na Dante. Kama una ujasiri, Lily. Kama huna kitu, nipigie, nakuletea zote, hata iwe saa nane za usiku, sijalala!