Atomium kwa nje tu

Bandugu, nimeangalia video zote 12 za mwenzetu wa Bruxelles. Ile ya Atomium inapendeza macho: mipira 9 inang'aa, muziki, yeye anacheka. Lakini kamera haiingii ndani hata mara moja, na hasemi kama tiketi ilimushinda. Sasa ile ya Matonge, kule Ixelles, picha inatetemeka, anahesabu sarafu mbele ya duka lenye sombe, anaiacha, anarudi nyumba na mkate. Ile njo video! YouTube inadai wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka mbele ya kugawa pesa ya matangazo. Namuelewa basi kuficha njaa. Ila badogo wetu huku wanauzisha shamba la mama juu ya ile ya Atomium.