Matete Chini ya Tanuri

Mwaka 1977, huko Okuizumo katika mkoa wa Shimane, Wajapani waliwasha tena tatara, tanuri la udongo linalotoa tamahagane, chuma cha pua cha panga za samurai na cha nyembe zao za fahari. Mwaka mmoja kabla, huku Buhaya, nchi ya Wahaya, wazee waliokuwa hawajayeyusha chuma tangu ujana wao walijenga upya tanuri lao mbele ya mwanaakiolojia Peter Schmidt. Habari za tatara zimeenea duniani. Za kwetu, hata mtu wa Izigo anayepita Kemondo kila siku kwenda Bukoba anaweza asizijue.

Kinachotofautisha chuma cha kawaida na chuma cha pua ni kaboni, tena kidogo mno. Wembe unataka zaidi kidogo ya asilimia 1. Ikipungua makali yanalala, ikizidi yanameguka. Na fundi wa zamani hakuwa na kipimo. Mjapani hulisha tanuri mchanga wa chuma na makaa siku tatu, usiku na mchana, akiusoma moto kwa rangi yake. Kisha hulibomoa, bonge likapasuliwa na vipande kuchaguliwa. Kile kigumu huungwa na chuma laini cha mgongoni, wembe ukapata kunoleka.

Wahaya walipita kwingine. Walichimba shimo, wakalisiriba udongo wa kichuguu, maana hustahimili moto. Wakalijaza matete ya kinamasini na kuyachoma mpaka yakawa meusi. Juu yake wakainua kuta za udongo na mavi ya chuma ya zamani, wakaingiza mirija minane ya udongo, wakaanza kuvukuta. Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika katika jarida la Science mwaka 1978 kwamba hewa ilipashwa joto ndani ya mirija hiyo kabla ya kuufikia moto. Wapo wataalamu waliolipinga hilo, na hoja zao si nyepesi.

Mimi nayastaajabia matete. Chuma na taka zake vilishuka juu ya mabua yale yaliyoungua, na chuma kikanywa kaboni humo humo. Ni nani aliyeliwaza hilo kwanza? Mabaki ya matanuri yaliyofukuliwa Kemondo yana umri wa miaka 1,500 hadi 2,000.

Wembe wa kinyozi haukuwa lengo lao. Walitaka majembe, mikuki na visu vya migombani. Majembe ya dukani kutoka Ulaya ndiyo yaliyozima matanuri, mwanzoni mwa karne ya 20.

Tatara ya Okuizumo huwashwa kila majira ya baridi, vijana wakijifunza kwa mafundi. Kwetu, waliojua kupanga matete walikuwa wazee tayari mwaka 1976. Walimu wa kemia wa Bukoba na Muleba, mkifika kwenye somo la kaboni, wapelekeni wanafunzi Katuruka kwenye mabaki ya ufuaji wa chuma wa kale, kisha ndipo muwafungulie kitabu.