Sauti Zilizorudiwa: Kosa la Europe '72

Katika amana yote ya kanda ambazo mashabiki wa Grateful Dead wamekuwa wakigawiana kwa miaka mingi pasipo kudaiana hata senti, hapana uamuzi unaostahili lawama kuliko ule wa mwaka 1972, pale ambapo bendi, baada ya kuzunguka Ulaya tangu Wembley tarehe 7 Aprili hata Lyceum ya London tarehe 26 Mei, na hali ina maonyesho 22 yaliyonaswa, ilirejea California, ikaingia studio, ikaziimba upya sauti ambazo hadhira ilikwisha kuzisikia na kuzipigia makofi, kisha mwezi wa Novemba ikauza santuri tatu za Europe '72 kwa jina la onyesho la hadhara. Lilikuwa kosa, na umaarufu wa albamu hiyo haulitakasi.

Zana hazikuwa na ila. Mashine ya Ampex ya treki 16 ilifuatana na bendi mji kwa mji, na Bob Matthews na Betty Cantor, ambao ustadi wao tuliujua tangu Live/Dead ya mwaka 1969, walikuwemo katika msafara. Lakini treki 16 zina fitina yake, kwa kuwa kila mwimbaji hupewa njia yake peke yake, na penye njia ya peke yake hapakosi kishawishi cha kuifuta. Wanaofuta husahau kwamba maikrofoni iliyo jukwaani haimnasi mwimbaji tu. Jerry Garcia anapoisogelea ili aimbe, maikrofoni hunasa pia matoazi ya Bill Kreutzmann, mngurumo wa besi ya Phil Lesh, na mwangwi unaorudi kutoka kuta za nyuma, na ule mvujo ndio unaomjulisha msikilizaji ukumbi una ukubwa gani na mwimbaji amesimama wapi. Ukiiondoa treki hiyo ukatia nyingine iliyoimbwa miezi baadaye, umeondoa pamoja nayo sehemu ya ngoma, sehemu ya besi na sehemu ya ukumbi wenyewe, ukamweka mwimbaji aliyeko California mbele ya wapigaji walioko Paris.

Isikilizeni tena "I Know You Rider" ya Olympia, Paris, tarehe 3 Mei, inayoingia moja kwa moja kutoka "China Cat Sunflower." Magita yanapandana kwa ile hamu ya watu wanaotazamwa, Garcia na Bob Weir wakijibizana pasipo kupeana nafasi, hata unapofika wakati wa kuimba kwa pamoja, ghafla zinaingia sauti zilizonyooka, zilizotulia, zisizotafuta pumzi, kana kwamba waimbaji hao hawakuwa wamepiga ala kwa juhudi ile hata kidogo. Mshono unasikika. Na ili usisikike zaidi, makofi nayo yakafyekwa, mpaka mtu asiyejua historia yake huweza kuisikiliza santuri nzima asitambue kwamba palikuwa na watu mbele ya jukwaa. Hili la makofi nimelilalamikia mara nyingi, na nitaendelea kulilalamikia, kwa sababu hadhira ya bendi hii haikuwa watazamaji tu. Iliathiri urefu wa kila wimbo na mwelekeo wake.

Watetezi wana hujja moja ambayo si dhaifu. Wanasema kwamba nyimbo kama "Jack Straw," "Tennessee Jed," "Ramble On Rose" na "Brown-Eyed Women" hazikupata kurekodiwa katika albamu ya studio, hivyo Europe '72 ililazimika kufanya kazi mbili, kuwa kumbukumbu ya safari na pia kuzitambulisha nyimbo mpya kwa unadhifu. Nimeipima hoja hiyo kwa insafu, na naiona inageuka dhidi ya wenyewe, kwa sababu ikiwa albamu hiyo ndiyo chanzo ambacho vizazi vitaupokea kwayo wimbo, ndipo ilipopaswa zaidi kuachwa kama ilivyokuwa. Na kama bendi ilitaka unadhifu wa studio, studio ilikuwa wazi, na nyimbo zingeweza kurekodiwa humo tangu mwanzo hata mwisho bila kuazima jina la Ulaya.

Tazameni walivyofanya wengine. Owsley Stanley, fundi sauti wa bendi ambaye wengi humwita Bear, alikuwa akinasa kila onyesho moja kwa moja kutoka kwenye mitambo yake kama mtu aandikaye shajara, na Bear's Choice ya mwaka 1973, yenye sauti ya Ron McKernan, yaani Pigpen, katika Fillmore East mwezi wa Februari 1970, inatupa mkwaruzo wa koo lake kama ulivyotoka. Betty naye, aliponasa Barton Hall ya Chuo Kikuu cha Cornell tarehe 8 Mei 1977, alitumia treki mbili tu, akazichanganya sauti papo hapo, wimbo ukiendelea, asijiachie mlango wa kurudi nyuma, na onyesho hilo ndilo lililoingizwa katika orodha ya kumbukumbu za sauti za taifa huko Marekani. Dick Latvala, aliyekuwa mtunza kanda, alipoanza kutoa Dick's Picks mwaka 1993, alihakikisha mnunuzi anaonywa juu ya jalada kwamba kanda ina kasoro zake. Naam, mfululizo wake nao ulikatakata baadhi ya maonyesho, jambo nisilolipenda, lakini hakumwimbisha mtu upya.

Ushahidi mkubwa kuliko yote umetoka katika safari ile ile. Mwaka 1995, mwezi mmoja hivi baada ya Garcia kufariki, ilitolewa Hundred Year Hall, ya Frankfurt tarehe 26 Aprili 1972, nayo ina "China Cat Sunflower" na "I Know You Rider" vile vile. Humo sauti zinayumba, mmoja anawahi, mwingine anachelewa, ngoma zinapenya ndani ya maneno. Na baadaye, baada ya "The Other One" iliyodumu zaidi ya nusu saa, Garcia anaingia "Comes a Time" akiwa na uchovu unaosikika katika kila mwisho wa mstari, uchovu ambao hapana studio iwezayo kuutengeneza kwa kuwa uliletwa na ile nusu saa iliyotangulia.

Nakiri, piano ya Keith Godchaux katika Europe '72 ni nzuri kila mahali, na uchanganyaji wa ala ni safi. Mwaka 2011 maonyesho yote 22 yalitolewa katika diski 73, kazi ya kupongezwa, ila seti za toleo la kwanza zilikuwa 7,200 tu na zikamalizika kwa siku chache, na anayeanza leo bado hupewa kwanza zile santuri tatu. Mimi ningempa Frankfurt.